Hesabu za Mfukoni: Misiba Mitatu Ndani ya Mwaka Mmoja

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa Chang'ombe, Dodoma. Tuko 20. Kila mmoja anatoa 5,000 kwa mwezi na ameandikisha majina sita, lake likiwemo. Aliyeandikishwa akifariki, kikundi kinatoa 800,000. Miaka minne iliyopita hatukuwahi kupata zaidi ya msiba mmoja kwa mwaka, na kila Desemba tuligawana kilichobaki. Mwaka huu imekuja mitatu. Wa Agosti tulilipa wote, wa Oktoba tukatoa 200,000, wa Novemba tukatoa 100,000. Sasa watu wanasema mweka hazina amekula hela. Mama wa watu hapati usingizi. Hesabu inasemaje? — Katibu, Chang'ombe

Marahaba, katibu. Nianze na huyo mama, maana jina la mtu halisubiri.

Watu 20 mara 5,000 ni 100,000 kwa mwezi. Kwa kuwa Desemba mligawana, Januari sanduku lilianza na sifuri. Kufikia mwisho wa Agosti mlikuwa na 800,000, na zote zikaenda msibani. Septemba na Oktoba zikaingia 200,000, zikatoka 200,000. Novemba ikaingia 100,000, ikatoka 100,000. Hakuna hata shilingi isiyojulikana ilikokwenda. Isome hesabu hii mbele ya kikundi kizima, daftari likiwa wazi mezani, na waliomsema wamwombe radhi hapohapo, palepale waliposemea.

Sasa tutafute kosa liko wapi. Mna majina 120. Tuchukue kwa mfano kwamba katika kila majina 100, moja hufariki kwa mwaka. Mkiwa na wazee wengi itakuwa zaidi. Kwa wastani mtapata misiba 1.2 kwa mwaka, yaani malipo ya 960,000. Mnakusanya 1,200,000. Mtu akiishia hapo ataona kikundi kina ziada ya 240,000, na nadhani ndivyo mlivyoona mlipopanga viwango.

Lakini hakuna mwaka unaoleta misiba 1.2. Huja mwaka wa sifuri, wa mmoja, wa miwili. Chukua kikokotoo cha simu. Uwezekano wa mtu mmoja kumaliza mwaka salama ni 0.99. Wa wote 120 kumaliza salama ni 0.99 ikizidishwa kwa yenyewe mara 120, unapata karibu 0.30. Uwezekano wa msiba mmoja tu ni kama 0.36. Jumlisha, ni 0.66. Kinachobaki, 0.34, ni uwezekano wa misiba miwili au zaidi, na misiba miwili peke yake inahitaji 1,600,000 ambazo hamna. Kwa maneno mengine, kwa viwango vyenu, kwa wastani mtakwama mwaka mmoja katika kila mitatu, hata mweka hazina akiwa malaika. Misiba mitatu au zaidi nayo ina uwezekano wa asilimia 12, kama mwaka mmoja katika minane. Ni mwaka mgumu, ila si wa ajabu.

Ile miaka minne ya nyuma ndiyo iliyowapoteza. Kuvuka miaka minne bila hata mmoja wenye misiba miwili ni 0.66 ikizidishwa kwa yenyewe mara nne, karibu 0.19. Katika vikundi vitano kama chenu, kimoja tu ndicho hufika huko. Mlikuwa kimoja hicho, mkaiona bahati kama mpango. Na fedha mliyokuwa mkigawana Desemba haikuwa faida, ilikuwa ni ya mwaka huu. Mwaka usio na msiba unaacha 1,200,000, wa msiba mmoja unaacha 400,000. Mngeziacha benki miaka minne, hata kama kila mwaka ungekuwa na msiba mmoja, mngeanza mwaka huu na 1,600,000. Pamoja na makusanyo ya hadi Novemba, misiba yote mitatu ingelipwa kikamilifu na 300,000 ingebaki.

Fanyeni hivi. Acheni kugawana, angalau hadi akiba ifike malipo matatu. Kisha chagueni: ama mchango upande hadi 8,000, mpate 1,920,000 kwa mwaka, ama malipo yashuke hadi 600,000. Njia zote mbili zinabeba misiba miwili. Mimi ningeshusha malipo, kwa sababu anayeshindwa kutoa 8,000 huwa ndiye mwenye shida zaidi, na mkimpoteza yeye kikundi hakina maana. Pia kagueni majina. Kama kuna ndugu wawili ndani na wote wameandika mama yao, msiba mmoja utalipwa mara mbili.

Na kama kuna vikundi jirani vinavyoaminika, zungumzeni. Vikundi 20 kama chenu vikiweka fedha pamoja, ni majina 2,400, wastani wa misiba 24, na makusanyo ya milioni 24 yanayotosha misiba 30. Uwezekano wa kukwama unashuka kutoka mwaka mmoja katika mitatu hadi kama mmoja katika kumi, kwa mchango uleule wa 5,000. Misiba kuwa maradufu ya wastani, jambo ambalo kwenu si geni, kwa kundi hilo karibu haliwezekani. Mwanahisabati Jacob Bernoulli alithibitisha kanuni hii kwa hesabu, na kazi yake ikachapishwa mwaka 1713: idadi ikikua, matokeo husogea karibu na wastani. Mwaka 1744 wachungaji wa Scotland walianzisha mfuko wa wajane na yatima wao kwa kupiga hesabu za namna hii kabla ya kupanga mchango. Walichokuwa wakitafuta ndicho mnachotafuta Chang'ombe.

Nimekopa 300,000 kwa miezi mitatu, "riba asilimia 10 kwa mwezi". Narejesha 130,000 kila mwezi. Mbona naona kama ni zaidi? — Mama lishe, Majengo

Unaona sawasawa. Mwezi wa kwanza unadaiwa 300,000 za msingi, wa pili 200,000, wa tatu 100,000. Kwa wastani uko na 200,000 zao mkononi, lakini riba wanakata 30,000 kila mwezi kana kwamba bado una 300,000. Kwa hesabu ya deni linalopungua, riba yako inakaribia asilimia 15 kwa mwezi. Kabla ya kutia sahihi, muulize mkopeshaji: riba ni ya deni lote au ya deni lililobaki? Asipojibu moja kwa moja, ondoka. Hiyo ndiyo njia ambayo mikopo mingi ya kausha damu, ile ya riba kali, huingilia.

Mbukwa, Mwalimu. Kijijini tuko wakulima 400 wa mpunga na mtama. Tunaweza kufanya kama kufa na kuzikana, tuchangie mfuko wa ukame? — Mkulima, Bahi

Mbukwa, ndugu yangu. Nia ni njema, ila hapa hesabu ya Chang'ombe inageuka. Ile inafanya kazi kwa sababu msiba wa nyumba moja hauiti msiba wa nyumba ya pili. Ukame hauchagui. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua ikikatika Januari, inakatika kwenu nyote, na wote 400 mtafika kwenye mfuko siku moja. Mbele ya ukame, wakulima 400 wa kijiji kimoja ni sawa na mkulima mmoja mwenye shamba kubwa.

Dawa yake ni kuchanganya na watu ambao mvua yao si yenu. Kampuni ya bima ya mazao inakusanya kwa mkulima wa Bahi, wa Mbeya na wa Kagera, nayo inajikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi, ndani na nje ya nchi. Hiyo huitwa bima mtawanyo. Ukiletewa bima ya mazao inayofuata kipimo cha mvua, uliza mvua hiyo inapimwa wapi. Nyingi hutumia setilaiti, na malipo hutoka kipimo kikishuka chini ya kiwango, bila mtu kuja kuona shamba. Ni rahisi na ya haraka, lakini mvua ikinyesha kilomita nne kutoka kwako na kipimo kikahesabu eneo lote, wewe umekauka na hulipwi. Mfuko wenu ubakie kwa yale yanayompata mtu mmoja mmoja: ghala kuungua, ng'ombe wa kulimia kufa.

Kwa nini Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya watoto, ilisitishwa, na bei ilikuwa nafuu vile? — Mzazi, Nkuhungu

Jibu liko ndani ya swali lako. Kadi ilikuwa 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, na Machi 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulisitisha mzazi kumwandikisha mtoto mmoja mmoja, ukaelekeza usajili kupitia shule. Sababu iliyoelezwa ni kwamba wengi waliandikishwa wakiwa tayari wagonjwa.

Tazama mfano wangu, si takwimu zao. Watoto 100: kumi ni wagonjwa, kila mmoja anahitaji 300,000 kwa mwaka; 90 wazima, kila mmoja 20,000. Jumla 4,800,000, gawa kwa 100, ni 48,000. Bei inalingana. Sasa wazazi wa watoto 60 wazima waseme "wangu haumwi". Wanabaki 40, gharama 3,600,000, bei inakuwa 90,000. Kwa 90,000 wazima wengine 25 wanaondoka. Wanabaki 15, gharama 3,100,000, na kila mmoja anatakiwa kutoa zaidi ya 206,000. Hakuna aliyeiba, hakuna dawa iliyopanda bei. Wazima wametoka tu.

Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge hapa Dodoma Novemba 2023, inataka kila mkazi awe ndani. Wengi wanailalamikia kwa kuwa ni ya lazima. Mimi naiunga mkono kwa sababu hiyohiyo. Ninalolidai ni kwamba asiye na uwezo alipiwe kweli na kwa wakati, kwa kuwa naye akibaki nje, ataandikishwa siku anayobebwa kupelekwa wodini.