Redio za kuvusha intaneti hadi Kamanga: pakiti zinachelewa jioni

Ndugu, nimekuelewa: redio zako kati ya Mwanza mjini na Kamanga, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria, hujibu kwa milisekunde 3 asubuhi, jioni zinafika 100, na muuzaji anakusukuma ununue za dupleksi kamili, yaani zinazotuma na kupokea kwa wakati mmoja. Usitoe hela bado.

Umbali hauna kosa. Mawimbi ya redio hukata kilomita 10 kwa milisekunde 0.03 tu. Kinachokula muda ni foleni. Chukua mfano wa redio inayoweza kuhudumia wastani wa pakiti (vifurushi vidogo vya data) 1,000 kwa sekunde. Zikiingia 500 bila mpangilio, kila moja hukaa kama milisekunde 2. Zikiingia 900, ni 10. Zikiingia 990, ni 100. Ndiyo maana wateja wakiwasha video jioni hali huchafuka ghafla.

Dupleksi kamili husaidia kweli, maana redio hutuma na kupokea kwa pamoja bila kusubiri zamu. Ila ikitumia masafa (frikwensi) yaleyale kwa yote mawili, hujisikia yenyewe. Isipofuta vizuri mawimbi yake, pakiti huharibika, hutumwa upya, na foleni inarudi palepale.

Pima kwanza siku tatu, usiku wa manane na jioni. Kama pakiti zinapotea hata usiku, shuku mawimbi yanayodunda kwenye maji ya ziwa. Jaribu kubadili kimo cha antena. Kama ni jioni tu, wekea kila mteja kikomo cha kasi kwenye rauta.

Kupanda mnara mwachie fundi mwenye mkanda wa usalama, na asipande wingu la radi likiwa limetanda. Kuhusu masafa yanayohitaji leseni, waulize TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) kabla hujalipa.