Mgonjwa wa Kiingereza akisema ana wasiwasi "kidogo"

Mpwa wangu ni nesi Tanga, anajiandaa na mtihani wa OET, ule wa Kiingereza kwa watu wa afya, aje Uingereza. Ameniandikia: "Shangazi, nimekariri upset, alarmed, distressed na panicked, bado sioni tofauti. Niambie ukweli, wagonjwa wa huko unawaelewaje?" Namjibu hapa hadharani, maana wengi mnaniuliza hilo hilo pembeni.

Mwanangu, bibi wa Kiingereza hatakwambia "I am panicked" hata siku moja. Atakwambia "I'm a bit worried, dear", huku mkono umeng'ang'ania chuma cha kitanda mpaka vidole vimepauka. Mwingine atasema "I'm fine", na chai yake imepoa haijaguswa. Kwetu mtu akibanwa na kifua anapiga yowe, majirani wanajaa uani. Huku anakuomba radhi kwanza kwa kukusumbua, halafu ndiyo anakwambia kifua kinambana. Hiyo "a bit" ikuondoe kwenye kiti.

"Upset" ni neno la kila kitu. Aliyefiwa yuko upset, aliyeletewa supu ya baridi yuko upset, na tumbo linaloharisha nalo ni upset. Kwa hiyo halikupi habari yoyote mpaka uulize kumetokea nini. "Alarmed" utaliona zaidi milangoni: "This door is alarmed". Mlango haukushtuka, una king'ora. Ukiusukuma usiku utawaamsha wazee wote, na wewe ndiye utakayewarudisha vitandani.

La kuogopa ni "agitated", yaani mtu anayehangaika, hatulii. Kwenye nyumba ya wazee nilikoanzia kulikuwa na mama mmoja, mwalimu mstaafu, mwenye ugonjwa wa kusahau. Jioni moja alianza kuzunguka korido na mkoba kwapani, anavuta kila kitasa, anatafuta basi la kwenda kwao. Andika "agitated" peke yake, zamu inayofuata itasoma "mkorofi", na likijirudia wiki nzima watu wataanza kufikiria dawa za kumtuliza. Mimi niliandika nilichokiona: tangu saa kumi anaulizia basi, maji hanywi, anakwenda chooni kila mara, na jana hakuwa hivi. Mzee akibadilika ghafla namna hiyo huenda ana maambukizi mwilini. Daktari aliitwa, mama akapewa dawa ya njia ya mkojo, na baada ya siku chache akarudi kwenye kiti chake cha dirishani. Hapo ndipo Kiingereza kinapopimwa, mwanangu. Kuongea kwa madaha kama mtangazaji hakukusaidii kitu.

Ukipiga 999, namba ya dharura ya huku, acha salamu. Najua, sisi hata nyumba ikiwaka tunaanza na "habari za saa hizi". Wanakuuliza unataka huduma gani. Ukisema ambulansi, swali linalofuata ni kama mgonjwa anapumua. Jibu hilo, taja mahali ulipo, na usikate simu mpaka wakuruhusu. Tumbo joto lako lisubiri.

Kuhusu mtihani: kwenye sehemu ya kuongea utapewa maigizo mawili, na mara nyingi "mgonjwa" ana hofu. Usikimbilie "don't worry". Muulize kinachomtisha, nyamaza, msikilize, kisha umjibu hicho hicho. Wanaosahihisha wanaangalia hilo pamoja na sarufi.

Umeuliza pia kama mimi mwenyewe huwa napata hofu. Napata, tena sana. Watu wa kazini wanakupita na "You all right?" na hawangoji jibu, maana hiyo ni salamu tu. Asubuhi niliyopata habari za baba yako kulazwa, watu kadhaa waliniuliza hivyo kabla ya chai, na wote niliwajibu "yeah, you?" Si kwamba wana roho mbaya. Mmoja nilipomwambia waziwazi kwamba kaka yangu mgonjwa, alinishikia zamu nzima bila kuombwa. Lakini lazima uliseme mwenyewe, na kwa mtu aliyelelewa kuambiwa "jikaze", hilo ni gumu kuliko mtihani wowote.

La mwisho, huyo wakala anayemwambia rafiki yako kwamba atamtafutia viza ya kuhudumia wazee kwa milioni kadhaa ni mwongo. Mlango huo umefungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje tangu tarehe 22 Julai 2025. Manesi bado mnaweza kuja, ila kwa usajili wenu na mwajiri wa kweli, na mwajiri wa kweli hakuuzii kazi.

Nitumie hizo barua zako za mazoezi nizipitie. Saa nne usiku ya kwenu huwa nimeshatoka kazini.