Nilivyoanza kuandika shukrani kwenye daftari la madeni

Bwana asifiwe, dada yangu wa Mbale, na wote mnaosoma.

Umeuliza jambo ambalo wengi wetu tunalibeba kimoyomoyo. Desemba imekukaba, mume hajalipwa, ukweni wanakungoja na mizigo, karo ya Februari inanyemelea, na kila Jumapili unaambiwa umshukuru Mungu wakati moyoni hakuna kitu. Mwisho ukauliza kama ndiyo umepoteza imani. Walionitangulia wamekuambia ukaze maombi, na sibishani nao. Mimi nitakusimulia Krismasi yangu ya 2021, maana nilikaa hapo hapo ulipokaa wewe leo.

Ninauza nguo za watoto sokoni hapa Busia, upande wa Uganda. Mwaka ule mnaukumbuka. Shule zilifungwa Machi 2020 kwa ajili ya korona, zikafunguliwa nusunusu, zikafungwa tena, halafu serikali ikatangaza kwamba watoto wote wanarudi 10 Januari 2022. Yaani siku kumi na sita tu baada ya Krismasi. Nina watoto watatu, na shule ilitaka karo pamoja na yale mahitaji yao: rimu ya karatasi, fagio, karatasi za chooni, sabuni. Kafyu bado ilikuwa saa moja jioni. Aliyewahi kuuza nguo za sikukuu anajua maana yake. Wazazi hawanunui gauni la mtoto asubuhi. Wanakuja jioni wakitoka kazini, na tarehe 23 na 24 wanakuja usiku kabisa, mkono mmoja umebeba kuku na mwingine unamvuta mtoto. Biashara yetu yote iko kwenye masaa yale, na masaa yale tulikuwa tumeshafunga na kukimbilia nyumbani.

Nilikuwa nimekopa shilingi 800,000 kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa mwezi wa Novemba. Nikaleta magauni ya kung'aa, mashati yenye vitai, viatu vidogo vya kufunga. Mpaka tarehe 24 sikuwa nimeuza hata nusu. Mume wangu ni dereva wa lori, na tajiri wake alikuwa hajamlipa miezi miwili. Wifi yangu akatuma orodha kwa simu: sukari kilo tano, mafuta lita tatu, sabuni, mikate, nyama, na gomesi ya mama, lile gauni la heshima la akina mama wa Uganda, ambayo mume wangu aliiahidi tangu Pasaka.

Jumapili ya tarehe 19 nilikuwa kanisani. Watu walipita mbele na shukrani zao, mmoja na mbuzi, mwingine na bahasha, mwingine na mkungu wa matoke kichwani. Nilikaa benchi la nyuma nikajaribu kusema "asante Baba". Neno lilitoka, lakini nilijisikia kama ninayesema uongo mbele ya mtu anayeujua ukweli. Niliondoka kabla ya baraka. Njiani nililia, na kilichoniliza zaidi ya pesa ni hilo swali lako: je, imani yangu imekwisha?

Sasa sikiliza kilichotokea tarehe 24. Ilikuwa kama saa kumi jioni, mvua imenyesha, njia ya soko imekuwa tope. Nilikaa juu ya gunia nikafungua kaunta buku yangu, ile yenye jalada jeusi na mgongo mwekundu, nitafute nani ninamdai nimkimbilie kabla ya kafyu. Ukurasa wa kushoto huwa ninaandika wanaonidai, wa kulia ninaowadai. Nikapitisha kidole upande wa kulia, macho yakahamia kushoto, nikafika kwenye mstari niliouandika mwenyewe tarehe 9: "Mama mandazi. Chai, mandazi 2. Bure."

Hilo neno "bure" lilinishika. Nilikumbuka ile asubuhi. Sikuwa nimekula tangu jana yake, nikaagiza chai kwa mkopo, nikaandika. Jioni nilipokwenda kulipa yule mama akakataa pesa, akaniambia, "Nilikuona ulivyokuwa unatetemeka." Nikarudi, na badala ya kufuta mstari nikaongeza lile neno mwishoni.

Nikajiuliza: wangapi wengine wamenipa bure, na sikuwaandika popote? Nikafungua ukurasa mpya. Mzee wa cherehani, alinitunzia mzigo siku tatu kibanda changu kilipovuja. Kijana wa bodaboda, alimpeleka kifungua mimba wangu kliniki saa nne usiku wakati boda zimekatazwa kutembea, na angekamatwa, wala hakudai kitu. Mama mmoja wa ng'ambo ya mpaka, alinipa belo la nguo kwa mdomo tu bila maandishi. Mama mkwe, miezi minne ya 2020, watoto wote watatu. Kalamu ikaniishia wino nikaazima kwa jirani, nikaendelea. Nilipomaliza nilikuwa na majina kumi na saba, na kila jina lilikuwa na siku yake au mwezi wake.

Nikayasoma kwa sauti ya chini, moja moja, nikisema, "Baba, huyu ulimleta wewe." Na safari hii haikuwa uongo, dada yangu. Sikumwambia Mungu kwamba mambo ni mazuri, kwa sababu hayakuwa mazuri. Nilimtajia vitu alivyofanya kweli, kupitia watu ninaowajua kwa sura. Hapo ndipo machozi yalipokuja, na hayakuwa yale ya Jumapili.

Sitaki udhani kwamba baada ya hapo milango ilifunguka. Kesho yake tulisafiri na watoto kwenda ukweni Butaleja, nauli imepanda mara mbili kama kila sikukuu. Nilibeba sukari kilo mbili na mche mmoja wa sabuni. Gomesi haikuwepo. Wifi alifungua mfuko, akatazama, akaufunga, hakusema neno. Na mama mkwe alinisalimia kwa ufupi akarudi jikoni. Tulikula wali wa mchele wa Doho, mashamba ya mpunga ya kule, na kuku mmoja watu kumi na wawili, na nikasikia kila kijiko kikigonga sahani.

Tarehe 26 asubuhi nilimkuta mama anachambua mchele peke yake kwenye ungo. Nikapiga magoti kama tunavyosalimia wazee wetu, lakini sikusimama. Nikamwambia, "Mama, mwaka 2020 barabara zilipofungwa ulikaa na wanangu miezi minne. Mdogo aliugua malaria ukamkesha. Ulikuwa unawapa dagaa na wewe unakula ugali mtupu, mkubwa aliniambia. Sijawahi kuja kukushukuru kwa hilo." Aliendelea kuchambua mchele kwa muda, ungo unatikisika mkononi. Halafu akasema, "Nilidhani mlisahau."

Maneno mawili tu. Mimi mwaka mzima nilidhani mama anasubiri gomesi.

Karo nayo tulilipa nusu Januari, nusu nyingine tukaimalizia mwezi wa Mei. Deni la chama lilinichukua mpaka Agosti, na magauni yaliyobaki niliyauza kwa hasara. Ninakuambia haya ili usije ukafanya shukrani kama mtego wa kumnasa Mungu akupe pesa. Mimi haikuniletea pesa. Ilinirudishia maombi yangu, na ilinirudishia mama.

Miezi iliyofuata nilianza kuhudhuria ushirika wa Walokole wa siku za wiki, wale wa ule uamsho wa miaka ya 1930 uliotoka Gahini, Rwanda, ukaenea kwetu. Wana desturi ya kutembea nuruni: mtu anasimama anasema hali yake ilivyo, bila kuipamba. Nilisimama nikasema jinsi nilivyoshindwa kushukuru kanisani. Hakuna aliyenishangaa. Mchungaji mmoja mzee akanifafanulia mstari uliokuwa unanichoma kuliko yote, ule wa Wathesalonike. Biblia yetu ya Kiswahili inasema tushukuru "kwa kila jambo", na mimi nilikuwa ninauelewa kwamba nimshukuru Mungu kwa sababu ya deni, kwa sababu ya mshahara uliozuiliwa. Akasema Kigiriki alichoandika Paulo ni "katika kila jambo". Ukiwa ndani ya deni, bado kuna la kushukuru. Deni lenyewe si lazima uliite zuri. Kwangu mimi hilo neno moja lilinitua mzigo.

Nikaanza kumsoma Paulo kwa jicho la mtu wa soko. Hebu angalia mwisho wa barua yake kwa Wafilipi. Yuko kifungoni, anawashukuru kwa msaada waliomtumia, na anatumia lugha yetu ya hesabu: habari ya kutoa na kupokea. Anamtaja aliyeuleta, Epafrodito, na katika sura ya pili amekwisha kusema kwamba aliugua karibu kufa kwa ajili ya kazi hiyo. Na sura ya mwisho ya Warumi, ambayo zamani nilikuwa ninairuka kwa sababu ni majina matupu: Fibi aliyewasaidia wengi na Paulo mwenyewe, Priska na Akila waliohatarisha shingo zao kwa ajili yake, mama yake Rufo ambaye Paulo anasema ni mama yake pia. Niliposoma hapo kwa mama Rufo nilifunga Biblia nikampigia simu mama mkwe, bila sababu nyingine.

Na kwa kuwa ni Krismasi, kuna jambo moja la Luka ambalo tunalipita haraka tukikimbilia wachungaji na malaika. Maria na Yosefu walipompeleka mtoto hekaluni, sadaka inayotajwa ni ile ya hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Sheria ilisema mwanakondoo, lakini asiyeweza mwanakondoo alete ndege wawili. Mama wa Bwana aliingia hekaluni na sadaka ya maskini, na safari yenyewe ya Bethlehemu waliifanya kwa sababu ya amri ya kuandikishwa. Mimi na kilo zangu mbili za sukari nilipata pa kukaa katika hadithi hiyo.

Sasa kwako, dada. Kwanza hujapoteza imani. Aliyepoteza imani haumii kwamba hawezi kushukuru. Zaburi ya 88 soma leo, ni fupi; yule mtu analia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na inaishia gizani bila neno la shangwe, na bado imo katika Maandiko kama sala. Mungu hakuitoa. Kwa hiyo siku ambayo huna asante, mwambie hivyo hivyo.

Tafuta daftari, lisiwe jipya la maua, liwe lile lile unaloandikia hesabu za nyumbani, kwa sababu shida na wema vinapita mlango mmoja. Jioni andika mtu, siku, na alichofanya. Usiandike "afya" na "uhai" kwa jumla. Si kwamba si vya kweli, ila moyo uliochoka hauvishiki. Andika "jirani alinifulia nguo za mtoto Jumanne". Kuna siku utapata moja tu. Kuna siku utapata sifuri, uache mstari mtupu, mimi ninayo mistari mitupu mingi. Kisha uwaambie wenyewe, wale unaoweza kuwafikia. Hapa ndipo wengi tunapokwama: tunamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu, na mtu mwenyewe hasikii kamwe.

Kuhusu ukweni, waambieni ukweli mapema, na aseme mume, si wewe. Sisi mwaka ule tulinyamaza mpaka siku ya mwisho, na ukimya wetu ulimwumiza mama kuliko mfuko mdogo. Mwaka uliofuata mume wangu alipiga simu Novemba akasema, "Mama, tunakuja, lakini mikono ni mitupu." Akajibiwa, "Njooni na watoto."

Jambo la mwisho, na ninalisema kwa uzito. Umeandika kwamba hulali, na kwamba chakula hakipiti. Kama hali hiyo imekaa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya uwaeleze. Dada mmoja wa ushirika wetu alizidiwa na huzuni namna hiyo, akapelekwa hospitali, akapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye, na leo anaongoza nyimbo. Hakuna aliyemhesabu kuwa na imani ndogo, na jina la daktari wake lipo kwenye daftari lake.

Mimi kesho ninaondoka na gari la asubuhi kwenda Butaleja. Sukari kilo mbili, sabuni mche mmoja, na mwaka huu gomesi ipo, ya kijani, nimeilipia kidogo kidogo kwa mzee wa cherehani tangu Juni. Mtandao kule unasumbua, lakini nikirudi tarehe 28 nitapita hapa kusoma. Ukipenda, uniandikie jina la kwanza uliloliweka.