Usiuguse mtutu huo kwa dawa ya kusagia valvu

Mkuu, irudishe fimbo hiyo ya chuma dukani leo, na ile dawa ya kusagia valvu uliyokwisha kuinunua mpe jirani mwenye Fuso, kwa maana itamfaa yeye kuliko wewe. Umeandika kwamba uko Lindi mjini, kwamba bastola yako ya hewa ya mita 10 uliinunua ikiwa imekwisha kutumika, kwamba umepiga makopo yapatayo arobaini ya risasi, kwamba matundu sasa yanatawanyika kwenye karatasi ya shabaha, na kwamba fundi amekuhakikishia kuwa mtutu umekwisha na unahitaji kung'arishwa kwa ndani. Umeuliza pia kuhusu namna ya kuitunza bastola katika hewa ya pwani, na jinsi ya kuagiza mtutu mpya. Yote hayo tutayafikia, lakini la fundi haliwezi kusubiri.

Kopo la kawaida la risasi za mashindano lina risasi 500, kwa hiyo makopo yako arobaini ni risasi 20,000. Mlengaji anayepiga risasi 100 kwa siku, siku tano kwa wiki, humaliza 26,000 kwa mwaka mmoja tu, na wapo wanaoendelea hivyo kwa miaka mingi kwa mtutu ule ule. Sababu yake inaeleweka kwa yeyote anayejua kinachoula mtutu. SMG, yaani bunduki ya aina ya AK-47, hurusha risasi yenye ganda gumu kwa kasi ya mita zipatazo 715 kwa sekunde, na nyuma yake kuna gesi ya moto mkali, yenye shinikizo linalopita bar 3,000, inayokwangua chuma kidogo kidogo pale risasi inapoanzia safari. Bastola yako haina baruti wala moto. Inasukuma kipande cha madini ya risasi, laini kiasi cha kukwaruzika kwa ukucha, kwa hewa tupu na kwa kasi ya karibu mita 150 kwa sekunde. Huyo fundi wako anieleze ni kitu gani hasa, kati ya hivyo viwili, kilichoula chuma.

Nina uchungu na jambo hili kwa sababu niliambiwa maneno yale yale, nami nikayalipia. Matundu yangu yalianza kukimbilia kulia, kidogo kidogo, wakati nikifanya mazoezi ndani ya ghala la korosho ambalo mwenyewe aliniachia nje ya msimu. Katika kundi moja la simu alikuwamo bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa mtaalamu wa silaha. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba utaalamu wake ulikuwa kuuza darubini. Huyo ndiye aliyenihakikishia kwamba mtutu "umelika" na kwamba unahitaji kusagwa upya. Nikaupeleka kwa fundi wa injini za boti hapa Mtwara, mtu hodari sana kwa injini za boti, naye akautazama, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu na kusema kwamba chuma ni chuma. Alizungushia kitambaa kwenye nondo nyembamba, akakipaka dawa ya valvu, akaifunga nondo kwenye drili, kisha akaiingiza kupitia mdomo wa mtutu na kuichezesha mbele na nyuma mpaka alipotosheka. Ulipotoka ulikuwa uking'aa kwa namna ambayo hata mtengenezaji hakuwahi kuing'arisha, na mimi, kwa akili zangu timamu, nilimwongezea bahashishi.

Sasa sikiliza kilichotokea ndani ya mtutu ule. Risasi za mashindano huuzwa kwa vipenyo vya kichwa vinavyotofautiana kwa sehemu ya mia moja ya milimita, yaani 4.49, 4.50, 4.51 na kadhalika, kwa sababu tofauti hiyo ndogo huonekana kwenye shabaha. Dawa ya valvu ni chembe kali zilizotengenezwa kula chuma; drili ya mkononi haiwezi kuzielekeza zile sawasawa pande zote. Ilipanua mtutu zaidi kwenye ncha mbili kuliko katikati, ikazifuta kingo za mifereji inayoishika risasi na kuizungusha, kisha ikaumaliza mdomo. Mdomo ndiyo sehemu ya mwisho inayogusana na risasi, na ukilika upande mmoja, hewa hutoroka kwanza upande huo na kuisukuma pembeni sketi ya risasi, yaani ule ukingo wake mwembamba wa nyuma, wakati ikiondoka. Baadhi ya mitutu ya kulengea hubanwa kidogo sana karibu na mdomo kwa makusudi ili risasi zote zitoke zikiwa na umbo moja; kama wangu ulikuwa na mbano huo, basi uliishia kwenye kitambaa cha yule bwana. Kusafisha mtutu kwa namna ile ni kumtoa mtu tongotongo kwa ncha ya msumari.

Niliibana bastola kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao laini na kupiga karatasi upya. Duara la 10 la bastola ya hewa lina kipenyo cha milimita 11.5, nayo bastola isiyo na kasoro ikibanwa vizuri hufunga kundi lake la matundu humo na kubakiza nafasi. Yangu ilienea hadi kwenye duara la 9, ambalo lina milimita 27.5, ikiwa imebanwa na bila mkono wa binadamu kuitikisa. Ilinibidi niagize mtutu mwingine kutoka Ujerumani, na gharama yake pamoja na usafirishaji ilipita nusu ya bei niliyonunulia bastola yenyewe. Hapo sijahesabu muda ambao mzigo ulikaa ukisubiri karatasi, kwa sababu mtutu ni kipande cha silaha hata kama hauwezi kumtisha kuku. Nafikiri kuagiza mtutu mpya kumejibiwa hapo.

Subiri, kwa maana sehemu inayouma zaidi bado. Mtutu mpya ulipofungwa, matundu yaliendelea kukimbilia kulia. Yalikuwa karibu zaidi kuliko ya mtutu uliosagwa, lakini yalikimbia vilevile kama siku ya kwanza. Ndipo mlengaji mmoja mzee, ambaye ningemuuliza tangu mwanzo kama nisingekuwa nasikiliza wauza darubini, aliponiambia nitazame mpira mdogo wa mviringo unaoziba hewa pale mtutu unapokutana na sehemu ya kupakilia risasi. Ulikuwa umekauka na kupasuka upande mmoja. Nilibadilisha mpira ule, na kundi likafunga. Mtutu wangu wa zamani haukuwa na tatizo lolote mpaka nilipoupeleka kutibiwa.

Kwa hiyo sheria ninayokuachia ni moja, na ningeomba uiandike kwenye kifuniko cha sanduku la bastola: kitu chochote kigumu kuliko madini ya risasi kisiingie ndani ya mtutu. Fimbo tupu ya chuma imo katika katazo hilo, na brashi ya shaba, na msasa hata uwe laini namna gani, na zile gololi za chuma ambazo watu hununua kwa sababu ni rahisi kuliko risasi. Fundi akikuambia kwamba yeye ana mkono mwepesi, mwambie mtutu hauujui mkono wake.

Badala ya kusaga, fanya hivi. Ielekeze bastola kwenye shabaha, shikilia ukanda wa karatasi laini ya chooni pembeni ya kiungo cha mtutu na sehemu ya kupakilia, kisha piga. Karatasi ikirushwa na upepo, mpira unavuja na umekwisha kumpata mkosaji wako. Isiporushwa, kagua skurubu zote zinazoushika mtutu, kisha kagua kile kikombe cha kuchepusha hewa kilicho mbele ya mdomo, kwa sababu uchafu wa risasi hujikusanya humo, na donge dogo likigusa risasi inayopita, au kikombe chenyewe kikikaa upande, utapata matundu ya ajabu yasiyo na mpangilio. Kikombe hicho unaweza kukisafisha kwa kijiti cha mbao. Ndipo uibane bastola kwenye jiliwa na upige makundi ya risasi kumi kumi. Kundi likifunga kwenye jiliwa na kutawanyika mkononi, basi tatizo lina mikono miwili na linasoma maandishi haya, na hapo simaanishi ubaya.

Kuhusu pwani ni kweli kwamba tuna adui, lakini adui huyo ni kutu. Unyevu wenye chumvi hutoboa vishimo ndani ya mtutu ambavyo hukwangua risasi, na vishimo hivyo havirekebishiki. Nunua mshipi wa nailoni kwa wauza vifaa vya uvuvi, ufunge kipande cha pamba safi chenye tone moja la mafuta mepesi ya silaha, ukiingize upande wa kupakilia na kukivuta kitokee mdomoni, kisha umalizie kwa kipande kikavu. Nailoni haiwezi kuumiza chuma hata ukiivuta kwa hasira. Usiiache bastola imefungwa ndani ya sanduku lenye sponji, kwa maana sponji huhifadhi unyevu wa kusi na kaskazi kwa uaminifu mkubwa. Kama unajaza silinda kwa pampu ya mkono, fahamu kwamba unasukuma humo unyevu wa Lindi pamoja na hewa; kompresa ya wapiga mbizi, yenye vichujio vya kukausha hewa, ni bora zaidi. Yule fundi wangu alitaka pia kupaka grisi ya gari kwenye viungo vya silinda, na namshukuru Mungu kwamba grisi ilikuwa imemwishia siku ile, kwa sababu grisi au mafuta yatokanayo na mafuta ghafi yakikutana na hewa ya bar 200 yanaweza kulipuka. Hapo hupakwa grisi ya silikoni, tena kidogo.

Ukishafanya jaribio la karatasi ya chooni, weka hapa picha ya mpira na vipimo vyake, yaani kipenyo cha nje na unene, vilivyopimwa kwa kalipa na si kwa rula ya shule. Ninayo mipira ya akiba ya saizi mbili tatu, na mabasi ya Lindi yapo kila siku.