Ukinunua stesheni wagoni ya zamani, anza kuikagua nyuma

Kwa miezi minne mlango wa nyuma wa gari langu haukufunguka. Ni Ford Country Squire ya mwaka 1966, ile yenye ubavu unaofanana na mbao, urefu unaozidi mita tano na uzito unaokaribia tani mbili. Nililipata hapa Ohio, Marekani, limekaa bandani miaka mingi. Siku ya kulinunua nilifungua boneti, nikasikiliza injini, nikachomoa kijiti cha oili, nikaangalia rejeta. Injini iliwaka na kutulia vizuri, nami nikaridhika. Nyuma nilipapitia kwa macho tu.

Naandika haya kwa sababu kila wiki naona mtu anauliza kuhusu wagoni kama hii, na swali lake la kwanza ni la injini. Injini ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Hii yangu ni V8 ya inchi za ujazo 390, yaani lita 6.4, na Ford waliifunga kwenye magari mengi sana ya miaka ile. Pampu ya maji, gasketi, kabureta, distribyuta, vyote bado vinauzwa, vipya. Kuanzia kwenye milango ya mbele kurudi kwenye bampa ya mbele, gari hili ni ndugu wa Galaxie, gari jingine la Ford la mwaka huohuo, na Galaxie zina wapenzi wengi wanaofanya viwanda viendelee kutoa spea zake.

Nyuma ni habari nyingine. Vioo virefu vya ubavuni, mlango wa nyuma, mota yake, raba zake, mikanda inayozunguka ile mbao ya kuiga: hivyo ni vya wagoni peke yake. Kingi kati ya hivyo utakitoa kwenye wagoni nyingine iliyokufa, na zilizobaki si nyingi. Magari haya yalibeba watoto, mbwa, mbolea na mbao mpaka yakachoka, kisha mengi yakaishia kwenye mashindano ya kugongana, kwa sababu mkia wao mrefu unahimili kugongwa. Gari lenye injini iliyokwama lakini lenye vioo vyote na mlango wa nyuma mzima nitalinunua leo. Lenye injini tamu na kioo cha ubavuni kilichopasuka, nitafikiri mara mbili.

Sasa mlango wangu. Mwaka 1966 ndio Ford walileta mlango wa nyuma wa namna mbili: unaweza kuulaza ukawa kama meza, au kuufungua pembeni kama mlango wa chumba. Ni ubunifu mzuri mno, lakini una sharti. Katika toleo hilo la kwanza, kioo lazima kishuke ndani ya mlango kabla haujafunguka upande wowote. Kioo changu kinashushwa kwa umeme. Mota ikigoma kioo kiko juu, mlango umefungwa, na huwezi kuuvunja bila kuharibu kitu ambacho hutakipata tena.

Njia ni kuingia kwa ndani. Laza viti, tambaa mpaka nyuma ukiwa na tochi na bisibisi, fungua skrubu za bati la ndani la mlango. Ukishafika kwenye mota, usiihukumu bado. Ipe umeme wa moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mbili zenye fyuzi. Yangu ilizunguka papo hapo. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mota nyingine, na kumbe tatizo lilikuwa waya mbili zilizokatika ndani ya ganda lake, pale zinapopita karibu na bawaba na kukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Kwa nje ganda lilikuwa zima. Pima waya ukiwa unazikunja, maana zikinyooka huenda zikagusana na kukudanganya. Halafu safisha mahali waya wa ethi unaposhika bodi, mpaka chuma king'ae.

Kama itabidi utoe mota, kwanza funga mkono wa kunyanyulia kioo kwa klempu imara au bolti. Kwenye mitambo mingi ya aina hii kuna springi nzito inayosaidia kupandisha kioo, na mota ndiyo inayoizuia. Ukiilegeza bila kufunga, mkono ule unaruka kwa nguvu ya kuvunja vidole.

Kioo kiliposhuka nilifurahi, nikaenda mjini nikiwa nimekiacha wazi. Nilirudi kichwa kinaniuma. Hapa naomba usome polepole. Wagoni ina mgongo ulionyooka, na inapokwenda, hewa nyuma yake inapungua shinikizo na kujizungusha. Moshi wa ekzosi hunaswa pale na kuvutwa ndani kupitia kioo kilicho wazi, au raba iliyokufa. Katika moshi huo kuna kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, na inaua. Endesha kioo cha nyuma kikiwa kimefungwa, kila siku, hata kwenye joto. Raba zijaribu kwa kipande cha karatasi: kiweke, funga mlango, kivute. Kikitoka bila kushikwa, na moshi utapita hapohapo. Hakikisha bomba la ekzosi halina tundu na mdomo wake unatokeza nje ya bodi. Mimi nimeweka kengele ndogo ya betri ya kugundua gesi hiyo sehemu ya mizigo, na siitoi.

Kule nyuma kwangu kuna viti viwili vidogo vinavyotazamana, vya watoto. Watoto wangu wanavipenda kuliko kitu chochote kwenye gari hili. Wanakaa humo gari likiwa limesimama uwanjani. Barabarani wanakaa kiti cha kati, wamefungwa mikanda.

Kutu nayo huanzia nyuma, hasa huku kwetu wanakomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji. Chini ya mlango wa nyuma kuna vitundu vya kutolea maji, na majani yakiviziba, mlango unakuwa ndoo. Zibua vitundu hivyo kwa waya kabla ya kitu kingine. Inua zulia, angalia shimo la tairi la akiba. Kisha lala chini, gonga chesisi kwa nyundo ndogo, hasa zile sehemu zenye umbo la sanduku zinazounganisha reli za mbele na za kati. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inazama.

Kuhusu breki sikuwa na haraka, mpaka nilipompigia mjomba wangu Tanga, aliyetengeneza Peugeot 404 na 504 maisha yake yote.

"Shikamoo mjomba. Gari limewaka."

"Marahaba. Linasimama?"

Nikamwambia bado sijashughulikia.

"Basi lizime, mwanangu. Gari hujifunza kusimama kwanza."

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ford hii ya 1966 ilitoka na masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, ya njia moja kwa magurudumu yote manne. Paipu moja ikipasuka, pedali inazama mpaka sakafuni na hubaki na kitu isipokuwa breki ya mkono. Kuanzia matoleo ya 1967 waliweka njia mbili, mbele na nyuma kila moja na yake. Nilibadilisha masta silinda ikawa ya njia mbili, nikatandika paipu mpya za chuma na mipira mipya. Ukifungua drumu za zamani, usipulize vumbi lake kwa hewa. Vitambaa vya breki vya enzi ile vilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, kwa hiyo loanisha kwanza na ufute kwa kitambaa unachokitupa.

Mipira ya petroli pia badilisha yote, maana petroli ya siku hizi hapa Marekani ina ethanoli inayoyeyusha mipira ya zamani kutokea ndani.

Ile mbao ya ubavuni ni plastiki nyembamba iliyochapwa picha ya mbao, na mikanda inayoizunguka ni faiba. Nilivunja mkanda mmoja kwa kuubandua kwa bisibisi asubuhi ya baridi. Faiba ya umri huo haipindi. Subiri siku ya joto, legeza kila kishikizo kutoka ndani kinapofikika, na kila kipande kiwekee namba kwa utepe wa karatasi unaonata kabla ya kukitoa. Uliovunjika niliuunga kwa nyuma kwa kitambaa cha faiba na rezini, nikaupiga msasa mpaka mshono ukafutika. Ilinichukua wiki mbili za jioni.

Juzi mjomba aliomba aone mlango ukifunguka. Nikasimamisha simu kwenye kreti, nikashusha kioo kwa ufunguo, nikaulaza mlango, nikaurudisha, nikaufungua pembeni. Akaniambia nirudie. Baada ya mara ya tatu akasema bawaba ya chini inalia, niipake grisi kabla baridi haijaingia.