Ukianza kupima metali nzito mlangoni mwa Msimbazi, lijue tope kwanza

Wengi wanaokuja kufanya utafiti wa metali nzito (kama risasi na kadimiamu) kwenye mlango wa mto Msimbazi jijini Dar es Salaam, pale kwenye mikoko ya Daraja la Selander, huanza kwa kuulizia mashine: maabara gani inapima risasi hata ikiwa kidogo sana, sampuli moja ni shilingi ngapi, majibu yatatoka lini. Maswali hayo ni ya lazima, ila yana zamu yake. Kwanza tope. Kiwango cha risasi kisichoambatana na maelezo ya tope lililoibeba hakisemi kitu, hata kikitoka kwenye maabara bora kuliko zote nchini.

Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, na njiani unapokea maji ya viwanda, gereji, mitaro ya barabara, majitaka na takataka. Sehemu kubwa ya metali zake haisafiri ikiwa imeyeyuka. Inashikamana na chembe laini za mfinyanzi, na kutu ya chuma na manganizi, na mabaki ya majani yaliyooza. Kwenye maji baridi chembe hizo husukumana kwa sababu ya chaji zake. Zikikutana na chumvi ya bahari, msukumano unapungua, zinashikana na kuwa vidonge vizito, kisha zinatua. Hapo ndipo uchafu wa bonde zima unapotuama, chini ya mikoko.

Kadimiamu ina tabia yake. Kloridi ya maji ya bahari huing'oa kwenye chembe na kuirudisha majini, kwa hiyo tope linaweza kuonekana safi huku maji yanayolipita yakiwa na habari nyingine. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila sampuli iandikiwe kiwango cha chumvi, saa, na kama maji yanajaa au yanakupwa. Sampuli za masika na za kiangazi nazo usizichanganye kwenye wastani mmoja, kwani mafuriko huleta tope jipya na kuondoka na la zamani.

Sasa nije kwenye jambo linaloharibu ripoti nyingi. Chota mchanga katikati ya mkondo, kisha sogea hatua chache uchote tope chini ya mchu, aina mojawapo ya mkoko. La mchu linaweza kuonyesha risasi maradufu au zaidi, na haraka utaandika kwamba hapo pamechafuka zaidi. Huenda si kweli. Tope ni laini kuliko mchanga, na chembe laini zina eneo kubwa la kushikilia metali, hata pasipo kiwanda chochote juu ya mto. Chekecha, upime chembe zilizo chini ya maikromita 63 (milimita 0.063), au pima aluminiamu, ambayo huonyesha mfinyanzi ulivyo mwingi, pamoja na metali nyingine ulinganishe uwiano. Kwa Msimbazi hiyo aluminiamu nayo inataka uangalifu. Pugu kuna kaolini nyingi, udongo mweupe wenye aluminiamu tele lakini usioshika metali sana, na ukizidi kwenye sampuli unaweza kuufanya uchafuzi uonekane mdogo kuliko ulivyo. Pima pia lithiamu au chuma uone kama hadithi inabaki ileile. Kanuni za vitabuni hazikuandikwa kwa ajili ya vilima vyetu.

Hivyo hivyo kwa viwango vya kulinganishia. Utakuta watu wanachukua wastani wa dunia wa miamba ya tope, miligramu 20 za risasi kwa kilo, wanafanya ndiyo asili ya Dar es Salaam. Wengine hutumia vipimo vya Marekani: chini ya miligramu 46.7 madhara kwa viumbe vya matopeni ni nadra, zaidi ya 218 hutokea mara nyingi. Vitumie kama dalili tu. Bora zaidi zamisha bomba topeni ulitoe na tabaka zake, upate tope la chini kabisa lililotua kabla ya jiji kukua, hilo ndilo liwe asili yako. Petroli yenye risasi ilikoma kuuzwa kusini mwa Sahara mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo tabaka za tope ndani ya bomba, za kabla na baada ya hapo, zinaweza kukueleza mengi, ila kwa sharti moja: chagua mahali pasipo na mashimo mengi ya kaa, kwa sababu kaa hupindua tope na kuchanganya miaka.

Kazi ya shamba yenyewe ifanye siku za bamvua, maji yakikupwa. Chota kwa kijiko cha plastiki, maana cha chuma cha pua kinaweza kuongeza kromiamu na nikeli. Chupa ziloweke kwenye asidi ya nitriki ya asilimia 10, na beba moja yenye maji safi ya maabara, uifungue na kuifunga hapo hapo shambani, ipimwe kama nyingine zote, uone kama uchafu umeingia njiani. Vaa buti na glavu ndefu. Yale ni majitaka, na kuna chupa zilizovunjika. Mikoko iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), omba kibali mapema. Halafu pita kwa mwenyekiti wa mtaa, ukaongee na wavuvi na wanaolima mchicha bondeni. Wanajua maji hubadilika rangi saa ngapi. Hakuna kifaa kitakachokuambia hilo.

Watu hao hao ndio watakaoumia ukiropoka. Viwango vya tope ni kwa uzito mkavu, vya chakula ni kwa uzito mbichi: Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, inaruhusu miligramu 0.3 za risasi kwa kilo ya samaki. Usitoe hukumu juu ya samaki au mchicha kwa kupima tope peke yake. Pima samaki wenyewe na mchicha wenyewe, na ukikuta metali zimezidi kiwango, sema wazi, ukianza na waliokukaribisha.

Mradi wa bonde la Msimbazi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia unahusisha kuchimba na kupanua njia ya mto. Tope jeusi la mikoko limefunga metali kwa salfaidi (misombo ya salfa) kwa sababu halina hewa. Likifukuliwa, salfaidi huvunjika kwa kukutana na oksijeni na metali zinaachiliwa. Kila sampuli ya kabla ya mashine ya kuchimba kuingia ina thamani kubwa. Ukiwa nazo, zikaushe, zifunge, ziandike mahali, tarehe na kina, na akiba iwekwe mahali ambapo mwanafunzi wa miaka ishirini ijayo ataikuta.