Vejer au ufukweni? Laleni Vejer

Dada, umeuliza kama mkiwa Hispania na watoto mlale Vejer de la Frontera kule kilimani au El Palmar ufukweni. Mimi nasema Vejer, bila kusita. Mji uko kama mita 200 juu ya bahari, nyumba zimepakwa chokaa nyeupe, na jua likishapoa watoto wanazunguka ile chemchemi ya Plaza de España yenye vigae vya rangi na vyura wa kauri. Gari liacheni chini. Vichochoro vya juu ni vyembamba mno.

El Palmar ni kama robo saa kwa gari. Kinachoamua siku yenu ni levante, upepo wa mashariki: ukikaza, mchanga unachoma miguu ya mtoto kama sindano. Siku hiyo jaribuni ufukwe wa Caños de Meca, chini ya majabali kuna nafuu. Bolonia pia msiikose, magofu ya Kirumi ya Baelo Claudia yako palepale pwani.

Mkipata nafasi Mei, kuleni jodari wa Barbate, mji wa uvuvi ulio jirani. Ndio msimu wake, na ni mtamu kwelikweli.